Kigari cha Mtu Mmoja

Kigari chenyewe kilikuwa na rangi ya samawati iliyopauka, magurudumu matatu, injini ya pikipiki nyuma, na kiti kimoja. Nasisitiza kiti kimoja. Waliokiunda walikaa chini wakafikiri sana juu ya mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani bila miguu. Wakamwekea breki ya mkono, gia ya mkono, mafuta ya mkono, honi ya mkono, hata turubai la kufunika mapaja mvua ikinyesha. Jambo moja tu liliwapita, kwamba mtu huyo huenda ana mke.

Nilikiona mara ya kwanza Doonside, katika banda la nyuma la mzee niliyekuwa nikimtunza. Ilikuwa mwaka wa pili wa korona, majira ya baridi, wakati upande wetu wa Sydney ulipofungiwa ndani kuliko pande nyingine zote. Kule ufukweni watu walikuwa wakiota jua na mbwa wao. Sisi wa magharibi tuliletewa polisi, helikopta na ushauri. Tuliambiwa tusitoke zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, jambo lililonichekesha, maana mimi nilishatoka Goma.

Kazi yangu ilikuwa kwenda nyumba hadi nyumba, kuwaosha wazee, kuwapa dawa, kuwapikia supu, kisha kuandika kwenye simu kwamba nimewaosha, nimewapa dawa na nimewapikia supu. Kampuni iliiamini simu kuliko ilivyowaamini wazee. Mzee huyu wa Doonside alikuwa amepoteza mguu wa kulia Vietnam akiwa kijana, na goti la kushoto lilikuwa limechoka kufanya kazi ya miguu miwili miaka yote hiyo. Mguu wa bandia ulimletea vidonda, akautundika ukumbini, akawa anautundikia kofia. Nilimwita Papa, kama tunavyowaita wanaume wa umri wake kwetu. Siku ya kwanza alinijibu kwamba yeye hana watoto, na hata angekuwa nao wasingetokea kufanana na mimi. Baada ya wiki chache alikuwa akiitika.

Watoto hakuwa nao, lakini mke alikuwa naye. Mke wake alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee huko Rooty Hill, stesheni moja tu ya treni. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau funguo, halafu akasahau mitaa, mwisho akamsahau mumewe. Si kwamba alimkataa. Alimpokea vizuri sana kila siku, akamuuliza kama bomba la bafuni limepona. Alikuwa ameamua kwamba bwana huyu anayekuja bila kukosa lazima awe fundi wa bomba.

Mzee alikubali ufundi huo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alipanda skuta yake ya betri, akaenda Rooty Hill, akatoa taarifa ya bomba, akarudi. Korona ilipoanza wageni walizuiwa kuingia ndani, akaanza kutoa taarifa kupitia dirisha na simu. Aliniambia mara moja tu, akiwa ananipa kisogo nimkaushe kichwa: "Nikiacha kwenda, atasahau hata fundi. Akishasahau fundi, mimi sipo tena."

Basi skuta ikafa. Vitu hufa wakati wake maalumu, na wakati maalumu wa betri ile ulikuwa wiki ambayo maduka yote yalifungwa. Betri mpya ilikuwa kwenye meli. Kila nilipopiga simu iliendelea kuwa kwenye meli, na sauti ya dukani ilikuwa ya furaha mno, utadhani meli yenyewe inatalii.

Nikampigia mratibu wetu ofisini. Alikuwa Mkenya, mwanamke mwema, mwenye sauti ya kukupa pole kabla hujaeleza shida.

"Mrembo, naelewa kabisa, it's very sad," alisema. "Lakini transport sahii si essential, na iko outside ya care plan yake. Si tulimpangia video call?"

Kweli walimpangia. Mke wake alikitazama kioo cha simu, akakisalimia kwa heshima, akamwambia muuguzi kwamba mtangazaji wa leo anaonekana mgonjwa, kisha akaomba wabadilishe kituo.

Muuguzi huyo ndiye aliyekuwa macho yetu kule ndani. Alikuwa Mkenya pia, nilimfahamu kutoka kanisani huko St Marys, na kila mchana alinitumia ujumbe akiwa amejificha chumba cha mashuka. Baada ya wiki mbili hivi bila dirisha, alinipigia. "Dada, hali si poa," alisema, akimwita mke wa mzee Cucu, yaani bibi. "Cucu haulizi tena fundi. Anakula kidogo tu, anaangalia ukuta. Mwambie mzee akiweza aje, hata leo. Madirisha bado yameruhusiwa."

Nilimwambia mzee, tena kwa upole niliokuwa nimeufanyia mazoezi njiani. Akasema, "Fungua banda."

Humo ndimo kilimokuwa kile kigari, chini ya pazia kuukuu. Kilikuwa cha baba yake, aliyepoteza miguu yote miwili katika vita kuu iliyotangulia. Familia ile ilikuwa na bidii ya kupeleka miguu vitani. Mzee alikichukia kigari kile kwa moyo wake wote, na kwa sababu alikichukia alikitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe: alikipaka grisi, alikiwasha kila Jumapili, alikisikiliza kikikohoa, akakizima.

"Mama yangu alitembea kando ya hiki kitu maisha yake yote," aliniambia. "Kwenda kanisani, baba ameketi, mama anatembea. Kwenda dukani, baba ameketi, mama anatembea amebeba mifuko. Mvua ikinyesha, baba ana turubai. Kuna kibao cha bati pale mbele, soma."

Nilisoma. Kibao kilisema ni marufuku kubeba abiria. Niliangalia ndani nione huyo abiria angewekwa wapi, hata kama angekuwa paka.

Hapo ndipo mimi nilipokasirika kwa niaba ya watu nisiowajua, kwa sababu vigari vya walemavu navijua. Mjomba wangu alikuwa askari wa serikali iliyokwisha kuanguka, na askari wa serikali iliyoanguka hana pensheni, hana medali, hana hata wa kumlaumu. Alichokuwa nacho ni baiskeli ya magurudumu matatu, ya kupiga pedali kwa mikono, iliyochomelewa na mafundi wa mtaani kwa vyuma vya magari mabovu. Ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Alivuka nayo mpaka wa Goma na Gisenyi kila siku, kwa sababu walemavu hawakusumbuliwa sana na watu wa forodha, na juu yake kulikuwa na magunia ya unga, majerikani ya mafuta, kuku, shangazi na mara nyingine harusi nzima. Nyuma wapwa watatu au wanne tukisukuma. Mjomba alikuwa mbele ametulia na kofia yake, akitoa amri. Kwetu anayesukumwa ndiye bosi. Kadiri unavyosukumwa na wengi ndivyo unavyoheshimiwa.

Nikamwambia mzee kwamba hakuna haja ya injini. Kiti chake cha magurudumu kipo, barabara ipo, mimi nipo. Nitamsukuma mpaka Rooty Hill.

Alinitazama kana kwamba nimependekeza nimpeleke uchi. "Sitasukumwa barabarani," alisema. "Nimekwenda kwa mke wangu kwa gari, kwa pikipiki na kwa skuta. Siku zote nikiendesha mwenyewe. Kama kuna kitu kimebaki kichwani mwake, ni mimi nikiendesha." Treni nayo aliikataa kwa sababu hiyohiyo, maana kuipanda kungehitaji mtu wa kumsukuma hadi kwenye behewa.

Nilimjibu kwamba ana kichwa kigumu. Alinishukuru, akaniomba petroli ya mashine ya kukatia majani.

Ndivyo tulivyotoka mchana ule, yeye ameketi ndani ya kigari cha baba yake, mimi natembea kando nikiwa na sare ya kazi, barakoa na mfuko wa maandazi niliyokaanga asubuhi kwa ajili ya muuguzi. Tulikuwa tumeshafika mbali ndipo nilipojiona ninavyotembea. Nilikuwa nimechukua nafasi ya mama yake bila hata kuajiriwa. Kigari kilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka na kilitoa moshi wa kutosha kijiji kizima. Majirani walifungua mapazia. Kwa miezi walikuwa hawajaona kitu cha maana zaidi ya pikipiki za pizza, kwa hiyo walitupungia mikono kama msafara wa rais.

Karibu na reli tukakutana na doria, polisi mmoja na wanajeshi wawili vijana waliokuwa wametumwa huku kugonga milango na kuuliza kama tupo ndani. Polisi aliinua mkono. Mzee akafunga breki.

Sasa naomba mnielewe. Nimekulia mpakani. Kwa miaka nimesukuma kigari cha mlemavu kuelekea kwa mtu mwenye sare, na ikifika hapo mkono wangu haungoji ruhusa ya kichwa. Polisi hajasema neno, mimi tayari nimefungua mfuko nikamnyooshea mwanajeshi wa karibu maandazi mawili yaliyofungwa kwenye karatasi, nikiwa nimeinamisha macho vizuri kabisa, kama inavyotakiwa.

Kijana wa watu alirudi nyuma kama nimemtolea bomu. "Ma'am, hiyo ni nini?" aliuliza.

"Ni chakula kidogo, chef," nilisema, kama tunavyowaita wakubwa kule mpakani. "Ya kunywea chai."

"Anakuhonga," mzee akaeleza kutoka ndani ya kigari, bila kuombwa. "Chukua. Ni matamu."

Polisi alifumba macho kidogo. Nadhani alikuwa akitafuta sheria inayohusu maandazi. Nilitamani ardhi inimeze, nikaonyesha kibali changu cha kazi kwenye simu, nikaeleza kuhusu mke, dirisha na kilomita zetu ambazo zilikuwa chache na halali. Hayo yote aliyakubali. Kilichomtatiza ni kigari. Alikizunguka mara kadhaa. Hakikuwa na namba za usajili, na tangu kusajiliwa kwake mara ya mwisho serikali zilikuwa zimebadilika mara nyingi.

"Ni cha nani?" aliuliza.

"Cha serikali," mzee akajibu. "Walimwazima baba yangu baada ya yeye kupoteza mali yake mwenyewe, miguu miwili."

Polisi alifikiri tena, na nakiri kwamba uamuzi alioutoa sijasikia mwingine wenye akili kama huo tangu nije nchi hii. Injini ikiwaka, alisema, hiki ni chombo cha moto kisichosajiliwa na hakiwezi kuwa barabarani. Injini ikizimwa, ni kiti cha mlemavu kinachosukumwa na mtunzaji wake, na wala hakimhusu. Akamwomba mzee azime injini.

Mzee alizima. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nikaenda nyuma, nikaweka mikono mahali pake, nikasukuma, na aibu naisema wazi, nilifurahi. Mikono yangu ilikuwa imerudi kwenye kazi iliyoijua tangu utoto. Wale wanajeshi vijana walitazama kilima kilichokuwa mbele yetu, wakatazamana, wakataka kusaidia, lakini kanuni zilikataza kutusogelea. Kwa hiyo jeshi la nchi lilitusindikiza hadi juu ya kilima, mita moja na nusu nyuma yetu, likitutia moyo kwa maneno.

Nilijua anachowaza mzee. Kama mke wake angetazama nje sasa, asingemwona dereva, wala fundi. Angeona mzee anasukumwa kama toroli la sokoni. Nikaanza kuogopa kwamba nimemleta mbali kote huko ili asahauliwe vizuri zaidi.

Tulipofika, shida mpya ilikuwa inatungoja getini. Dirisha la mke wake lilikuwa upande wa bustani, na kwenda huko kulikuwa na kijia chembamba cha matofali. Skuta ilikuwa ikipita hapo bila taabu. Kigari kilikwama getini kama ng'ombe mlangoni. Kiti chake cha magurudumu tulikiacha nyumbani, kwa sababu ndani ya kigari cha mtu mmoja hakuna hata nafasi ya kubebea kiti cha mtu huyohuyo. Nikampigia muuguzi atuletee kiti kutoka ndani.

"Dada, siwezi," alisema kwa kunong'ona. "Kiti kikitoka nje hakiruhusiwi kurudi ndani. Infection control. Nikijaribu watanifuta kazi. Lakini nimeshamweka dirishani, anangoja. Harakisheni, anasinzia."

Nikamtafsiria mzee. Alitazama bustani ile, hatua zisizozidi za kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Kisha akaweka mkono kwenye usukani, akasema, "Twende nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemwelewa. Alisema kwa adabu, kama mtu anayefunga duka lake kwa mara ya mwisho, nikaona kwamba nikimgeuza hapa sitamleta tena.

Kazini tulikuwa tumefundishwa siku nzima kwamba mtunzaji hainui mtu. Kuna mashine ya kuinulia, kuna mshipi maalumu, kuna watu wawili, kuna video ya mwanamke anayetabasamu huku mgongo wake ukiwa salama, na mwisho kuna mtihani. Nilifaulu mtihani. Kampuni iliniachisha kazi baada ya haya, ikanukuu majibu yangu mwenyewe kama ushahidi kwamba nilijua. Nalisema mapema ili lisitucheleweshe.

Nikachuchumaa mbele ya kigari, nikampa mgongo.

"Papa, panda."

"Umerukwa na akili."

"Ndiyo. Panda."

"Nilikuambia sitasukumwa."

"Sikusukumi," nilisema. "Panda, mama anasinzia."

Kwanza ilikuja mikono, ikanizunguka shingo. Halafu uzito wote. Mtu aliyeishi kwa supu yangu na biskuti mbili alikuwa mzito kuliko alivyostahili. Niliushika mguu wake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikashika kile kilichobakia cha ule wa Vietnam, nikasimama huku nikimwita Yesu kwa lugha zote ninazozijua. Tukaingia bustanini. Alikuwa akinihemea sikioni, akiniomba radhi kila hatua, na kila hatua nilimwambia anyamaze.

Dirisha lile lilikuwa juu. Wakati wa skuta alikuwa akiliangalia kutoka chini, na mke wake alikuwa akiona kipara, paji la uso na macho, vitu ambavyo fundi yeyote anavyo. Sasa uso wake wote ulikuwa kwenye kioo, juu ya uso wangu, sikio kwa sikio. Ndani, mke wake alikuwa ameketi na blanketi magotini, mdogo sana, nywele zimechanwa vizuri. Muuguzi alisimama nyuma yake na barakoa na ngao ya plastiki, simu mkononi. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani, laini iko wazi.

Mke wake alinitazama mimi kwanza, kwa muda, bila haraka, kama mtu anayesoma bei. Kisha akainua macho kwa aliyekuwa juu yangu. Midomo yake ikasema kitu. Kioo kilikuwa kinene, hatukusikia. Muuguzi aliinama kumsikiliza, akabaki hivyohivyo ameinama.

"Amesema nini?" mzee aliniuliza sikioni. Yeye masikio yake yalikuwa yamebaki vitani pamoja na mguu. "Ameuliza bomba?"

"Dada," simu ikasema kifuani pangu.

"Sema, huyu mtu ni mzito."

"Anasema..." Alipenga kamasi ndani ya barakoa, nikasikia. "Anasema nimwambie huyo mama asimwangushe mume wake."

"Amesema mume?"

"Amesema mume wangu. Mara mbili."

Mzee alikuwa akinitikisa bega. "Ananiita fundi? Niambie tu, nimezoea."

Nikamwambia, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu chote. Mikono yake ilinikaba shingo mpaka nikakosa pumzi, na machozi yake yakanishukia shavuni, yakachanganyika na yangu ndani ya barakoa. Nikajipanga upya, nikashika imara, nikamrusha juu kidogo mgongoni ili amwone vizuri.